Mto wa Zuhura Hauna Huzuni

Siamini mpaka sasa hivi ninapoandika. Jumatatu Zuhura alikuwa anapaka bango la duka la vipuri hapa Chemchem, Ijumaa tumemzika. Malaria tu. Nina hasira, na leo msinidai adabu.

Nyie mnaosambaza picha aliyoichora ya Mto Ugalla huku mnaandika "alijua anaondoka", acheni. Maji ya zambarau eti mauti. Mtumbwi uliopinduliwa ukingoni eti kaburi. Mmesomea wapi haya?

Alipokuwa hai mlimcheka. "Dada, rangi zimekumwagikia?" Mmoja wenu alimwambia hata mwanawe wa chekechea anachora mti ukaonekana mti.

Miaka sita tumechora mabango pamoja. Client akitaka kuku, Zuhura anachora kuku mpaka kucha. Deadline ikipita anarudi kwenye turubai lake, anaweka madoa: njano, zambarau, nyekundu kidogo.

"Sichori miti hapa," aliniambia. "Nachora mwanga wa saa moja asubuhi. Simama mbali ndiyo utaona."

Sikusimama mbali. Nilikuwa busy.

Sasa niseme linalonichoma. Yale maneno "Mto wa huzuni" yanayotembea na picha si yake. Niliyaandika mimi, nilipoiposti kwenye page ya kazi, kwa sababu huzuni inaleta likes.

Alipoyaona alinifokea. "Nani kakwambia nina huzuni? Futa!" Nikasema nitafuta. Sikufuta.

Baba yake mdogo ameyasoma. Msibani akasimama mbele ya watu: "Mtoto kajitabiria, kaandika kwa mkono wake. Picha hii ichomwe kabla ya arobaini, isije ikamwita mwingine." Na mimi mwandishi nimekaa palepale, kimya. Mwoga mkubwa!

Sebule ya kwao Zuhura, picha ilipotundikwa, ni finyu, makochi yameijaza, ile picha unaitazama imekugusa pua. Lakini kwa ajili ya msiba makochi yalitolewa nje, tukakaa mikekani. Nikaegemea ukuta wa mbali, nikainua macho.

Zambarau ni ukungu unaoondoka. Ile kijivu ni moshi wa warina asali. Mtumbwi umepinduliwa ukauke, na mwenye mtumbwi yuko pembeni anaota moto, ndiyo lile doa jekundu. Jamani, ile picha ina furaha! Ilikuwa nayo siku zote.

Mama Zuhura aliona ninavyotazama. Akaninong'oneza, "Hapo ndipo tulikuwa tunamngoja baba yake atoke porini na asali. Zuhura ana miaka saba, anarukaruka tu."

Akaongeza, "Usiwaache waichome, mwanangu. Mabango yake yote ni ya watu. Hii ndiyo yangu."

Kwa hiyo baba mdogo, shikamoo. Najua wanao watakuonyesha hapa. Kosa ni langu, si la picha wala la marehemu. Mama ameifunga kwenye kanga akanikabidhi, iko kwangu. Ukiitaka, njoo na kiberiti chako mchana kweupe, uanze na mimi niliyeandika.

Nanyi wa "alijua anaondoka", futeni. Hakujua. Alikuwa ameshanunua rangi za bango la Jumamosi.

Lala salama, dada yangu Zuhura. Maneno yale nimeyafuta leo asubuhi, wakati huwezi tena kunifokea.