Mashine Ilirudi na Karata Zangu

Mimi Kazadi, sekretere wa parokia, nilikuwa namusingizia katekista wetu, Papa Ilunga, ati michezo yake inalemaza ordinatere, kompyuta ya ofisi. Kumbe mchezo wa karata ulikuwa wangu! Nikaufuta kwa siri. Nikafuta na points de restauration, zile za kurudisha mashine ilivyokuwa zamani, nikabakiza moja tu: ile mashine ilijiwekea yenyewe kabla mchezo haujafutwa. Sikuwaza kitu.

Jumamosi ordinatere ikagoma, kadi za ubatizo zikiwa ndani yake.

“Kazadi, rudisha yo nyuma,” mon père, padri wetu, akasema. “Bamama ba Kamatanda beko banangojea karte za batême!”

Nikairudisha, kifua mbele. Yesu Maria! Muziki wa mchezo wa karata ukalipuka, maneno makubwa yakajitokeza kwenye kioo mbele ya wote, Papa Ilunga akiwemo.

Papa Ilunga akavaa miwani, akasoma polepole, kama somo la Misa: “Bienvenue, champion Kazadi. Ni kusema: karibu, bingwa Kazadi.”