Nyongo Hutengenezwa Wapi

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: yule mama nilimwonea kijicho. Si kile cha kupita njia, bali kile kinachokaa kooni kama mwiba wa samaki, ukimeza kinachoma na ukikohoa kinachoma. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Kazi hii nimeisomea, nina kabati la chati za mwili wa binadamu na fuvu la plastiki lililong'oka meno mawili. Yeye alikuwa mpishi wa shule. Wanafunzi walimwita Shangazi. Mimi waliniita Kongosho, eti nikilitamka neno hilo huwa nafumba macho.

Shangazi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye vidole virefu na kicheko cha puani. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua, akalea wadogo zake watatu, akawaoza wote. Mwenyewe hakuolewa. Ukimuuliza alijibu kwamba foleni ilikuwa ndefu na yeye ndiye aliyekuwa akiipanga. Alifika kwetu miaka kumi na moja iliyopita akiwa na kanga mbili na mwiko wake mwenyewe, akakabidhiwa jiko, na tangu hapo hakuna mtoto aliyewahi kukuta uji umeungua.

Bomba la kuoshea vyombo liko chini kabisa ya dirisha la darasa langu. Mwaka wake wa kwanza alisugua masufuria kwa mchanga, kelele zikawa haziniachi nisikie hata sauti yangu, na sauti yangu naipenda. Nikachungulia nje nikafoka, "Mama, huku tunasoma!" Akasema, "Samahani, mwalimu." Kuanzia kesho yake akawa anasugua kwa kitambaa, taratibu mno, sufuria moja nusu saa. Nikajisifu nyumbani kwamba nikisema jambo, watu hutii.

Ugomvi wetu, ambao yeye hakujua kama upo, ulianza na kuku.

Shule ilijenga banda kwa ajili ya somo la ufugaji, nami nikateuliwa mlezi wa mradi. Tukaletewa vifaranga arobaini. Ufunguo wa banda niliutundika kiunoni, na nakiri nilikuwa natembea makusudi ulie. Siku ya chanjo ya kideri niliichanganya na maji ya bomba. Sasa, chanjo ile ni kitu hai, na maji yetu ya bomba yanatiwa dawa ya kuua vijidudu, ukiinama tu unainusa. Dawa ikaua chanjo. Jambo hilo nilikuwa nimelifundisha kwa mdomo wangu wiki mbili kabla! Haukupita muda kuku wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, na ugonjwa ule hauna tiba. Wakabaki tisa.

Mwalimu mkuu alinyoosha mkono bila kunitazama, nikafungua ufunguo kiunoni, akampa Shangazi. Yeye akachanja kwa maji ya mvua kutoka pipa la jikoni, akatandika maranda makavu, akafungua pande mbili ziwe na wavu hewa ipite, na kila kuku aliyejikunyata akamtenga siku ileile. Mwaka ulipogeuka kuku walikuwa sitini na nne, na mayai yanatafutiwa pa kuwekwa.

Hayo ningeyavumilia, kuku ni kuku. Kilichonishinda ni marudio.

Mtihani wa mwisho ulipokaribia, nilipanga marudio ya kila Jumamosi asubuhi: mfumo wa chakula, mfumo wa damu, magonjwa, lishe, ufugaji. Jumamosi ya tatu nilikuta watoto sita darasani, na wanne kati yao walikuwa wamekuja kumalizia usingizi. Nikasikia kelele nyuma ya jiko. Nikaenda kwa kunyatia, kama mtu anayefumania.

Wengine wote walikuwa kule. Shangazi alikuwa amechinja kuku mzee aliyekoma kutaga, amempasua juu ya meza ya kukatia mboga, na darasa langu zima limemzunguka.

"Hili gole," alikuwa anasema. "Chakula kinangoja hapa kama abiria. Wewe huna gole, wewe ukimeza kinakwenda moja kwa moja tumboni, ndiyo maana ukila haraka unakwama. Haya, meno ya kuku yako wapi?"

"Hana!"

"Anayo. Haya hapa." Akapasua firigisi, ukamwagika mchanga na vijiwe. "Mwenzenu anameza meno yake kila siku. Shika, usiogope."

Aliyeishika alikuwa binti yangu. Kitindamimba wangu, ambaye nyumbani akiona nyama mbichi anaziba pua na kumwita mama yake! Alikuwa amekamata firigisi kwa mikono miwili, uso unang'aa. Aliponiona hakushtuka hata.

"Baba, njoo uone! Hukutuambia kuna mawe ndani."

Nilikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimewaambia Jumanne, nikachora ubaoni kwa chaki ya rangi mbili. Nilirudi darasani nikawafundisha wale sita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na roho ikiniuma hivi kwamba sikumbuki nilifundisha nini.

Nyumbani ikawa ni Shangazi kasema. Shangazi kasema tunawe mikono tukitoka bandani kwa sababu kinyesi cha kuku kina vijidudu. Shangazi kasema kiini cha yai kina vitamini ya macho. Mke wangu akawa ananitazama juu ya sahani na kutabasamu. "Huyo Shangazi wenu anajua," akasema. Nikamwambia hata kasuku anajua. Kimoyomoyo nikawa namwita Daktari Pumba, na jina hilo lilinipa raha siku mbili tatu.

Kisha nikatoa jaribio. Maswali ishirini. Swali la kumi na nne: Nyongo hutengenezwa wapi? Jibu ni kwenye ini. Kile kifuko cha kijani ni ghala tu, kazi yake kuitunza mpaka ihitajike. Mwaka huo nilikuwa nimelisema hilo mara tatu, mara ya mwisho nikagonga meza.

Watoto kumi na tisa waliandika: kwenye kifuko cha nyongo. Binti yangu akiwa mmoja wao.

"Mimi nilisemaje?" nikamuuliza nyumbani, karatasi mkononi.

"Ulisema ini, baba."

"Sasa?"

Akainamisha kichwa. "Shangazi alituonyesha kwa kidole."

Yaani walinisikia. Walipima neno langu na neno la mpishi, wakachukua la mpishi. Na hapo ndipo, Mungu anisamehe, nilipofurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota. Asubuhi nilizipanga zile karatasi kumi na tisa, nikazipeleka kwa mwalimu mkuu, nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba watoto wanapotoshwa na mtihani uko mlangoni.

Shangazi akaitwa. Aliingia akijifuta mikono kwenye aproni, akasimama karibu na mlango. Mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya ila hupenda mambo yaishe kabla ya chai, akamuuliza aliwaambia watoto nini hasa kuhusu nyongo.

"Niliwaambia kifuko cha nyongo ni kiwanda kidogo," akasema, "hakifungi hata sikukuu."

Mzaha ule ulikuwa wangu. Niliutunga mimi, nikausema miaka mingi darasani, watoto wakicheka mahali palepale. Kiwanda kidogo, hakifungi hata sikukuu. Mpaka miaka minne iliyopita mkaguzi mmoja mstaarabu alipokaa nyuma ya darasa, akanivuta pembeni kwenye ukumbi na kuninong'oneza kwamba kiwanda ni ini, mwalimu, kifuko ni ghala. Nilimshukuru. Nikaufuta mstari ule kwenye daftari langu la matayarisho kwa wembe, na wale niliokwisha kuwafundisha sikuwaambia kitu. Nyani haoni kundule. Mimi langu nilikuwa nimeliona, nikalikalia.

"Umeyatoa wapi hayo?" mwalimu mkuu akauliza.

Shangazi aliniangalia. Haikuwa hata nukta moja. Kisha akaangalia sakafu.

"Nilisikia mahali, mwalimu mkuu. Nimesahau wapi. Kosa langu."

Kilikuwa kimya cha kutosha mtu mzima kusema maneno matatu. Sikuyasema. Mwalimu mkuu akaamua kwamba watoto wasikanyage tena bandani wala nyuma ya jiko mpaka mtihani upite, na ufunguo urudi kwa mwalimu wa somo. Shangazi akaufungua kwenye pindo la kanga, akaniwekea mkononi. Ulikuwa na joto bado.

Basi nilikuwa nimepata nilichotaka. Asubuhi iliyofuata niliingia bandani na ndoo ya chakula, kuku wakanikimbia wote kona moja. Binti yangu alikuwa haongei nami ila salamu. Nikasikia sauti upande wa pili wa wavu.

"Mwalimu, yule mwenye doa shingoni anahara damu. Mtenge leo. Na maranda ya pale penye chombo cha maji yamelowa, ndiyo chanzo."

Hakuwa amenuna. Hilo liliniudhi kuliko matusi. Nikaweka ndoo chini.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Niseme nini?"

"Unajua nini. Kwamba uliyasikia kwangu."

Akatazama huku na huku. "Ningesema, mwalimu mkuu angeuliza nimesikiaje. Ningesema dirishani. Angesema bomba lihamishwe, au kazi yangu iangaliwe. Kuku waende tu, mwalimu. Dirisha nimelikalia miaka kumi na moja."

Nilimwangalia vidole vyake virefu vimeshika wavu. Sufuria moja nusu saa, kwa kitambaa. Na mimi nyumbani nikijisifu kwamba wananitii.

"Lakini nilisahihisha," nikasema, na sauti yangu ikawa kama ya mtoto aliyeshikwa. "Miaka minne sasa nafundisha ini. Hukusikia?"

"Ratiba ilibadilika, mwalimu. Kipindi chako siku hizi kinaingia saa ya kupakua. Nasikia mdomo, nasikia koo, nasikia tumbo, kengele inalia naitwa jikoni." Akacheka kile kicheko cha puani. "Tangu hapo kila mwaka naishia tumboni. Hilo ini lako jipya sijawahi kulifikia."

Nilitenga kuku mwenye doa. Nilibadilisha maranda. Siku tatu nilizunguka na lile jambo, sili nikashiba, nikijiambia kwamba mwalimu akikiri kosa moja watoto watayatilia shaka yote, na mtihani umebaki wiki mbili, na kwamba ni kwa faida yao. Uongo mtupu. Niliogopa sura ya binti yangu, hilo tu. Alikuwa mtoto wa mwisho aliyebaki kuamini kwamba baba yake anajua kila kitu, na hata hilo sikuwa na hakika nalo tena.

Jumamosi walikuja wote, kwa kuwa walikatazwa kwingine. Wamekaa kimya, kalamu mkononi, macho hayapo. Nilikuwa nimechinja kuku mmoja nyumbani, nikamleta kwenye sinia nipasue mbele yao, nionyeshe kwamba hata mimi naweza. Nikaingiza kisu. Mkono ukaenda pembeni, kile kifuko kikapasuka, kijani kikatapakaa juu ya ini na nyama yote. Mambo yakatumbukia nyongo, na safari hii simaanishi kwa msemo.

Mtoto mmoja nyuma akasema, "Shangazi hukata kwa juu." Hakusema kwa ubaya.

Nikaweka kisu. "Swali la kumi na nne," nikasema. "Mlikosea watu kumi na tisa. Mlifundishwa na Shangazi. Na Shangazi alifundishwa na mimi. Nilikosea, nikaambiwa, nikanyamaza. Na juzi ofisini nikanyamaza tena."

Binti yangu alikuwa ananitazama, mdomo wazi kidogo, na sikuweza kujua anafikiri nini. Sikusubiri kujua. Nilikwenda dirishani. Chini pale alikuwa ameinama juu ya sufuria, kitambaa kimetulia mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Shangazi, pita ndani."

"Nina vyombo, mwalimu."

"Vyombo havina mtihani. Mwalimu mkuu nitazungumza naye mwenyewe, na ufunguo wako nitakupa. Pita."

Akainuka, na kwa mazoea akaja mpaka chini ya dirisha, akasimama hapo na kuinua uso, kana kwamba ndiko nilikomwita. Darasa zima likageuka. Nikamwambia, "Mlangoni."

Alizunguka. Binti yangu alikuwa ameshasogea kwenye dawati kumwachia nafasi, akampa na kalamu yake, akamwegemea begani kama asivyoniegemea mimi siku nyingi. Msidhani kijicho kiliniisha. Kiliniuma palepale. Lakini nilichukua chaki, nikawageukia, nikauliza kama ninavyouliza kila Jumamosi:

"Haya. Mara ya mwisho tuliishia wapi?"

Watoto wakaanza kufunua madaftari. Shangazi alinyoosha mkono, bado una povu.

"Tumboni, mwalimu."