Friji na Walaji

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya marehemu mke wangu ni kuweka bakuli la maharage kwenye friji tuliyonunua enzi hizi za ruksa, maduka yalipojaa bidhaa za nje. Likabaki humo.

Juzi, dukani mjini, kijana muuzaji alimsifia friji mama wa mboga kutoka milimani. "Shikamoo mama! Humu chakula kinakaa wiki nzima."

Mama akatua tenga, akacheka. "Marahaba. Wiki nzima? Mwanangu, kwako hakuna walaji?"

Tulicheka wote. Chuoni nilifundishwa kupima maisha ya jamii kwa vyombo vyake. Yeye alihesabu mikono sahanini. Kwangu umebaki mmoja.

Asubuhi iliyofuata nililitoa bakuli lile kwenye friji, nikamwaga yaliyokuwamo, nikaliosha, nikalijaza maharage ya moto, nikabisha hodi kwa jirani.