Sikio la Friji la Mvinyo

Juma lililopita nilipanda kutoka Karatu na bisibisi zangu mpaka hoteli moja ukingoni mwa kreta. Friji la baa lilikuwa likigandisha mvinyo wa Dodoma mpaka chupa zinapasuka, na meneja alikwishamwambia mhudumu wa baa kwamba ikipasuka nyingine, atahamia jikoni kuosha sufuria.

Ufundi nilijifunza mwenyewe; hasira nilizaliwa nazo. Nikamkemea mhudumu mbele ya wageni kwamba anachezea swichi.

"Sijaigusa, fundi," alisema, akikunja na kukunjua kitambaa chake.

Mama wa Kimasai aliyeleta maziwa aliweka kibuyu chini, akaniuliza, "Fundi, umeshika sikio lake?"

"Friji halina sikio, mama."

"Ng'ombe wangu akipata homa, nashika sikio kwanza. Wewe umeanza kumgombeza mchungaji."

Wageni wakacheka. Nikapeleka mkono nyuma ya chupa kwa hasira, nikaufuata ule mrija mwembamba wa shaba unaopima baridi. Ncha yake ilikuwa imechomoka kwenye kibanio, ikaegemea taa ya ndani. Ilihisi joto la taa tu, basi friji likazidi kugandisha.

Niliibana mahali pake, kisha nikamwomba mhudumu radhi mbele ya wageni wale wale. Kitambaa akakitundika begani, akaenda kumletea mama chai.

Juma hili nimeitwa kwenye mafriji mawili. Yote nimeyashika kwanza, ndipo nikawatazama wenyewe.