Mwamba wa Utuloa Uliponyamaza

Losaline Vaipulu alikuwa na miaka hamsini na minane mwaka ule. Alikuwa mjane mwenye magoti mabovu, na sauti yake waliijua wenye boti wote wa visiwa vya Vava'u, hata wale ambao hawakuwahi kumwona. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, alipanda kwenye kibanda cha mbao kilichoko gatini Utuloa, akawasha redio ya mawasiliano na kuwasomea watu hali ya bahari: upepo unatoka wapi, mawimbi yana kimo gani, mlango wa mwamba, ile njia ya boti, unapitika au haupitiki. Karatasi ya utabiri ililetwa kutoka mji mkuu. Lakini watu hawakufungua redio kwa ajili ya karatasi. Walingoja yale aliyoongeza mwishoni, alipoiweka karatasi chini na kusema, "Haya, hayo ni yao. Mimi sasa."

Kazi ile ilikuwa ya mumewe, Manase, naye akairithi alipokufa. Manase alikufa kwa kisukari, si kwa maji, na Losaline alipenda kuwasahihisha wageni waliodhani vinginevyo. Mimi ni fundi wa injini za boti. Karakana yangu iko chini ya kile kibanda, kwa hiyo nilimsikia kila asubuhi kwa miaka kumi na minne, nitake nisitake.

"Losaline!" mvuvi mmoja aliwahi kumpigia kelele kutoka botini. "Ulisema mvua, mbona nimerudi mkavu?"

"Ngoja ufike kwa mkeo," alimjibu kwenye redio, visiwa vyote vikisikia.

Kipimo chake kikubwa kilikuwa masikio. Mwamba wetu uko mbele ya bandari, na mawimbi huupiga usiku na mchana. Ukizaliwa Utuloa huusikii tena, kama usivyosikia pumzi yako. Losaline aliusikia. Aliweza kukwambia kwa mngurumo ule kama kwenye mlango wa mwamba pana hatari kabla hajafungua dirisha.

Asubuhi moja ya Agosti aliamka na mafua. Aliniambia baadaye kwamba alipofumbua macho alijua kitu kimepotea ndani ya nyumba. Akakagua mlango, akakagua jiko, akawahesabu hata kuku. Vyote vilikuwepo. Akachelewa, akapanda kibandani anakohoa, akasoma karatasi kama ilivyokuja: upepo mdogo wa kusini-mashariki, bahari shwari, safari njema. Kisha akazima redio. Hakusema "Mimi sasa."

Lisiate, mtoto wa kaka yake, alikuwa anangoja hilo neno "shwari" tu. Alikuwa na boti ya faiba yenye injini moja, na asubuhi ile alikuwa na abiria wawili wa kwenda mazikoni kisiwa cha Nukufala, mwendo wa saa moja na nusu. Mmoja alikuwa Bibi Vika, mwanamke wa miaka themanini na mmoja, aliyekalia mikeka yake. Wa pili alikuwa Feleti, mtu mzima wa kama miaka arobaini. Alikuwa ameshuka kutoka Auckland jana yake, akiwa na suti nyeusi na mkeka wa msiba umefungwa kiunoni kama desturi yetu. Aliyekufa alikuwa mama yake, na maziko yalikuwa saa nne. Kati yao walimlaza nguruwe mzima aliyeokwa, amefunikwa kwa majani ya migomba. Wakaondoka.

Hazikupita dakika ishirini, Losaline akateremka ngazi huku ameshika ukuta.

"Fundi, zima hiyo mashine yako."

Nikazima.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, dada."

"Ndiyo," alisema. "Hakuna kitu."

Hapo ndipo nami nikaelewa. Mwamba ulikuwa kimya. Tulitembea mpaka mwisho wa gati. Kulikuwa na ukungu mweupe uliotanda majini, na harufu kama ya kiberiti kilichowashwa. Pale ambapo kila siku palikuwa na mstari wa povu, hapakuwa na mstari wowote. Bahari ilikuwa ya kijivu, imelala kama barabara, lakini barabara inayopumua: ilipanda, ikashuka, ikapanda, bila sauti. Mbwa wa kijiji walikuwa wameketi ufukweni, wamekodolea macho maji. Hakuna aliyebweka.

Losaline alirudi kibandani mbio na magoti yake yale, nami nikamfuata. "Boti zote, hapa Utuloa. Nililosema nimelifuta. Hakuna kutoka. Lisiate, geuza."

Wenzetu wawili watatu wakamcheka redioni, wakamwambia anywe chai, bahari kama kioo hivi mtu aiogope ya nini? Lisiate hakujibu mpaka saa moja na nusu.

"Shangazi, unanisikia?"

"Nakusikia. Rudi."

"Narudi vipi? Mashine imekufa. Imelia kama mtu anakabwa, halafu kimya. Shangazi, hapa pana nchi kavu."

"Nchi gani? Uko katikati ya mkondo."

"Najua nilipo! Nakwambia pana nchi. Imetuzunguka pande zote. Kuna ndege wanatembea juu yake."

Nilimwambia Losaline amkataze kuiwasha tena mashine, na achovye kasia aone. Tulisikia kasia likikwaruza, sauti kavu kama ya koleo kwenye kokoto.

"Ni mawe," alisema Lisiate, na sauti yake ikawa ndogo. "Mawe yenye vitundu, kama ya kusugulia visigino. Yanaelea, shangazi. Kasia lote limeingia, bado sijafika kwenye maji."

Wazee wetu waliwahi kuona mawe hayo kidogo kidogo, baada ya mlima kulipuka chini ya bahari mahali fulani. Lakini hayakuwahi kuja mengi kiasi cha kuunyamazisha mwamba. Nyuma ya Lisiate tulimsikia Bibi Vika: "Mwambie Losaline alisema shwari! Shwari yenyewe ndiyo hii?"

Losaline alifumba macho.

Kisha ikaja sauti nyingine, ya upole. "Mama, mimi Feleti. Mama yangu anazikwa saa nne. Nukufala iko mbele yangu, naijua. Nimeigusa hii kwa mkono, ni ngumu. Nadhani ni kutembea tu."

"Mwanangu, hapana. Hiyo ni ngozi tu, chini yake ni bahari ile ile."

"Ndege wanatembea."

"Ndege wana uzito gani? Kaa chini, nakuomba. Upepo utageuka baada ya adhuhuri, mawe yatasogea. Nitawaita Nukufala nitawaambia wakungoje."

"Watangoja?"

"Watangoja. Mpe Lisiate redio." Halafu kwa ukali: "Lisiate, mimi ni shangazi yako. Mtu asishushe mguu kutoka kwenye hiyo boti. Umesikia? Hata kidole."

"Nimesikia, shangazi."

Aliita Nukufala mara ishirini. Redio yao ilikuwa imezimwa, kijiji kizima kiko msibani. Sisi wanaume tulijaribu kutoa mtumbwi. Hatukufika hata mlangoni. Makasia yalichimba badala ya kupiga maji, na tulipogeuka kuangalia njia tuliyopita, haikuwepo. Mawe yalikuwa yamejifunga nyuma yetu pole pole, kama hatukupita. Tulirudi tukivuta kamba tuliyokuwa tumeifunga gatini.

Saa tatu betri ya Lisiate ilikufa katikati ya sentensi. Ukungu ukazidi, hata boya la mlango likapotea. Losaline alikaa na kipaza sauti mkononi muda mrefu. Kilichomtisha, alisema, ni kwamba wakipoteza upande wa nchi, watapiga makasia kuelekea bahari kuu bila kujua.

"Nipe nyundo yako," akaniambia.

Nikampa ile kubwa. Mbele ya kanisa letu unaning'inia mtungi mtupu wa gesi, ndio kengele. Losaline akaupiga. Pigo moja, anahesabu mpaka kumi, pigo jingine. Sauti ile, kwa kuwa hakukuwa na wimbi la kuizuia, ilikwenda juu ya yale mawe na haikurudi. Tulimwomba tumpokee, akakataa. Alipiga tangu saa tatu na nusu mpaka mchana, na viganja vyake vikatoka damu.

Upepo uligeuka kama alivyosema. Saa kumi alasiri, ule ukijivu wote ulianza kuingia bandarini kupitia mlango wa mwamba. Haukuwa na sauti ila mkwaruzo mdogo, kama mtu anayetafuna mchanga chumba cha pili. Katikati yake ilikuja boti ya Lisiate. Hakuna aliyepiga kasia. Ilikuja wima, mwendo wa mtu anayetembea, imebebwa. Lisiate alikuwa amesimama mbele. Bibi Vika alikuwa amejifunika mkeka kichwani. Nguruwe alikuwa palepale chini ya majani yake. Mahali pa Feleti palikuwa patupu.

Tuliwatupia kamba, tukawapandisha gatini. Lisiate alipiga magoti mbele ya shangazi yake. Aliyesema ni Bibi Vika.

"Alikuwa ametulia. Amekaa kimya kama ulivyomwambia. Halafu tukasikia kengele. Akasimama, akajipangusa suti. Akasema, 'Hiyo ni ya mama. Wameanza bila mimi.' Akashuka."

"Kengele ilitoka upande wetu," alisema Losaline.

"Mle ndani hakukuwa na upande, mwanangu. Ilitoka kila mahali."

"Nilimshika koti," Lisiate alisema. "Likanichomoka. Akazama palepale, shangazi, hapo hapo ubavuni. Mawe yakajifunga. Hata tone la maji halikuruka."

"Si palepale," alisema Bibi Vika. "Alitembea. Hatua tatu. Niliziona, alikuwa anakwenda."

"Hakutembea, bibi."

"Alitembea."

Hawakukubaliana siku hiyo, na hawajakubaliana mpaka leo. Losaline aliketi chini hapo gatini, na nyundo yangu ikabaki mapajani mwake mpaka nilipokwenda kuichukua mwenyewe.

Mawe yalikaa bandarini siku ishirini na tatu. Kila aliyewahi kuishi karibu na mwamba atajua nikisema kwamba hatukulala vizuri. Watu walizungumza kwa sauti za chini majumbani mwao bila kujua kwa nini. Mke wangu aliwasha redio ya muziki akaiacha iimbe yenyewe jikoni. Losaline hakupanda kibandani. Kijana wa ofisi ya bandari alisoma karatasi badala yake, ingawa hakukuwa na boti ya kusomewa. Mwili wa Feleti haukuonekana, wala hatukuwa na pa kuutafutia.

Asubuhi mwamba ulipoanza tena kunguruma, kwanza kwa mbali, kisha wote, watu walitoka nje na nguo za kulalia, wakasimama tu. Losaline alikuja karakanani amevaa mkeka mkubwa mchakavu, uliochanika pembeni, ule anaovaa mtu anayekwenda kuomba msamaha.

"Lisiate ananipeleka Nukufala. Njoo uangalie mashine njiani."

Nikachukua spana zangu.

Dada yake Feleti anaitwa Kesaia. Losaline hakubisha hodi kwake. Aliketi uani, juani, ameinamisha kichwa, na mimi na Lisiate nyuma yake. Tulikaa tangu saa tatu. Watu wa nyumba walipita, hawakututazama, na hivyo ndivyo desturi yetu. Karibu na adhuhuri Kesaia alitoka, akaketi kwenye ngazi.

"Sema," alisema.

"Nilisoma bahari shwari, na sikuwa nimeisikiliza. Kisha nikapiga kengele. Ndugu yako aliifuata kengele yangu. Sina la kuongeza, dada."

Kesaia alitazama upande wa bahari.

"Saa nne ile," akasema, "tulikuwa tumembeba mama. Sisi hatukupiga kengele yetu, kamba ilikatika na mimi nikakasirika, mama anakwendaje hivi hivi. Halafu tukaisikia moja. Kutoka baharini. Pigo, kimya, pigo. Watu waliobeba jeneza walisimama. Mchungaji alisema tuendelee kutembea, tukatembea nayo mpaka kaburini." Akajifuta uso kwa kiganja cha mkono wake. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi ulimsindikiza mama. Feleti sijui ulimfanya nini. Hilo sitakuambia nimelimaliza, maana sijalimaliza."

"Usiniambie."

"Inuka. Magoti hayo."

Alimwinua mwenyewe, akamvua ule mkeka mchakavu. Tulipewa viazi vikuu na majani ya magimbi yaliyopikwa na nyama ya kopo katika tui. Wale wanawake wawili walikula kutoka sahani moja bila maneno mengi. Tulipokuwa tunaaga, Kesaia alimfuata Losaline mpaka majini.

"Asubuhi ukisoma, huwa unasema 'na visiwa vya nje'. Tumeishi hapa miaka yote tunaitwa visiwa vya nje. Tutaje."

Jumatatu Losaline alipanda kibandani. Nilizima mashine yangu nimsikilize. Alisoma karatasi, akaiweka chini. Kisha akaanza na Nukufala: upepo kasi ya mafundo kumi, mawimbi mita moja na nusu, kutua ufukweni kwao ni kwa tahadhari upande wa kaskazini, kuna mawe machache yamebaki.