Wa Pili Kutoka Kushoto

Programu niliyotumia kupangia kurasa pale dukani Mlandege ilikuwa ya kizamani, tena na choyo. Picha ndogo iliimeza ndani ya waraka. Kwa picha kubwa, programu iliuliza kwanza: niibebe, au nikumbuke tu ilipo? Kompyuta yetu ukiitwisha picha kubwa inaganda, kwa hiyo tulikubali ikumbuke tu. Sharti waraka na picha visafiri pamoja.

Usharika wetu ulipofikia jubilei, nikapewa kazi ya kupanga kitabu. Picha ya mwenyekiti wa kamati ilikuwa pasipoti ndogo iliyofifia. Ikaingia bila taabu. Ya akina mama waliobeba mchanga kichwani mpaka kanisa likasimama ilipigwa kwa kamera nzuri, kila kitenge kinaonekana. Kwa uzuri wake ikawa kubwa, ikabaki nje ya waraka. Mama yangu alikuwemo, wa pili kutoka kushoto. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho, anaona ukungu tu, lakini hakuwa na hamu nyingine ila kuwemo kwenye kitabu kile.

Mwenyekiti akaja kuchukua kazi aipeleke Mbeya kwa wachapaji. Flashi yake ilijaa video za harusi ya mwanawe, na hakutaka kufuta hata moja.

"Baba mwenyekiti, lazima uende na folda nzima. Picha hazimo ndani ya waraka."

"Binti, si naziona hapo kwenye kioo?"

Nikatoka kuazima flashi nyingine. Niliporudi alishajinakilia waraka peke yake kwenye flashi yake, akaondoka. Nikampigia bila kupokelewa; alipokuja kupokea alishafika Chimala, njiani, anakula. Akaniambia nisimfundishe kazi, vitabu vya usharika havikuanza na mimi. Mchapaji alinisimulia baadaye kwamba kompyuta yao iliuliza picha ziko wapi, na mwenyekiti, amesimama palepale, akasema waendelee tu, watu wanasubiri.

Kitabu kikaja. Ukurasa wa kwanza, mwenyekiti na tai yake. Ukurasa wa akina mama, kisanduku cha kijivu, na chini yake maneno niliyoyaandika mwenyewe: Waliobeba mchanga. Nilimchukia mzee yule, na bado namchukia. Wanasema aliye juu mngoje chini. Nimengoja, wamemchagua tena.

Jumapili ile tuliporudi kutoka ibadani, mama alikifungua kitabu mapajani.

"Mimi niko wapi?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya ule ukijivu, upande wa kushoto. "Hapa, mama."

"Na kitenge changu kimetokea?"

"Kimetokea vizuri."

Akapapasa karatasi kidogo, kisha akakifunga kitabu.

"Wenzangu walishaniambia mlangoni kwamba hatumo," akasema. "Nilitaka tu nisikie mtu akisema nimo."