Mstari wa Shingoni

Mwaka ule binti yangu alipokuwa akisoma sanaa pale Stratford, huku ughaibuni, nilijifunza historia ya Ulaya bila kutaka. Narudi kutoka kuogesha wazee wa watu, miguu imevimba, yeye ananisubiri jikoni na habari za Italia. Eti karne nyingi wachoraji walichora watakatifu tu, wenye duara la dhahabu kichwani. Kisha watu wakaanza kujiuliza mambo ya dunia hii, na mchoraji akamtazama muuza vitambaa, mke wa mtu, mzee mwenye pua ya vipele, akaona nao wanastahili. Nilikuwa nikiitikia huku nimefumba macho.

Mtihani wake ulidai sura ya mtu aliye hai. Akanichagua mimi.

"Basi ngoja nivae," nikamwambia. "Nina kanga mpya, nina herini. Nichore kama mtu, mwanangu."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, nikae hivyo hivyo. Nikakaa na sare ya kazini. Hata kalamu hajaichonga, nikalala.

Mume wangu si mkali, lakini kwetu sura ya kiumbe haikai hivi hivi ndani ya nyumba. Hata picha za harusi tulizigeuza wakati wa sala. Akaja na dawa aliyofundishwa madrasa utotoni: upigwe mstari mweusi shingoni, kichwa kitengwe na mwili, isihesabike tena kuwa kiumbe. Binti akalia. Picha iliyokatwa shingo haipiti mtihani, na bila mtihani ule chuo cha sanaa hakipati. Wapiganapo tembo ziumiazo nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa na zamu alfajiri.

Jumapili, baada ya adhuhuri, baba mtu akachukua rula na kalamu ya wino ya mtoto, akaiinamia picha mezani. Nilikuwa nimechorwa mdomo wazi, mashavu yamelegea, viatu sijavua. Akaweka rula. Kalamu haikushuka.

"Ndivyo ulivyo hivi, mama?" mume wangu akaniuliza.

"Ndivyo nilivyo."

"Tangu lini?"

Miaka yote hiyo tumelala kitanda kimoja. Iliniuma. Nilikuwa na majibu ya kumjaza masikio mpaka magharibi, na sikuwa na nguvu ya hata moja.

"Mpe mtoto kalamu yake," nikamwambia.